Bahari ya Aral: uhaba wa maji na uchafuzi wake vilitoka kwenye mifereji ileile

Mwaka 1960 Bahari ya Aral, iliyo mpakani mwa Kazakhstan na Uzbekistan, ilikuwa ya nne kwa ukubwa miongoni mwa maziwa yote ya dunia. Ilienea kilomita za mraba 68,000 hivi, uso wake ukiwa mita 53 juu ya usawa wa bahari kuu, na maji yake yalikuwa na chumvi gramu 10 kwa lita, chini ya theluthi moja ya chumvi ya bahari kuu. Kufikia 2007 lilikuwa limebaki kama fungu moja kati ya kumi la eneo hilo. Agosti 2014 picha za satelaiti zilionyesha beseni lote la mashariki likiwa kavu.

Maelezo yaliyozoeleka ni mafupi: Umoja wa Kisovieti ulichepusha mito kwenda kumwagilia pamba, ziwa likakauka. Ni kweli, ila maelezo hayo yanaishia njiani. Hayasemi kwa nini hata maji machache yaliyobaki mtoni yalikuwa hayanyweki, kwa nini mashamba yaliyopewa maji yote hayo yalianza kuota chumvi, wala kwa nini hekta ileile ilidai maji mengi zaidi kadiri miaka ilivyokwenda. Ukiyafuata maji kutoka mtoni hadi shambani na kurudi tena mtoni, unaona kwamba uhaba na uchafuzi havikuwa majanga mawili yaliyokutana mahali pamoja. Vilitoka kwenye mifereji na mitaro ileile, uhaba ukizaa uchafuzi na uchafuzi ukizaa uhaba. Ndiyo sababu kisa hiki kinastahili kusomwa kwa makini na yeyote anayeshughulika na umwagiliaji.

Hesabu ya ziwa lisilo na njia ya kutokea

Aral haina mto unaotoka. Maji huingia kwa mito miwili, Amu Darya kutoka kusini na Syr Darya kutoka mashariki, na huondoka kwa kuvukizwa na jua tu. Kabla ya 1960 mito ilileta wastani wa kilomita za ujazo 56 kwa mwaka, mvua ikaongeza kama 9 au 10, na jua likachukua karibu 66. Mizani ilikuwa sawa.

Ukitoa mvua kwenye kiasi kilichovukizwa unabaki na kama kilomita za ujazo 57. Zigawanye kwa eneo la ziwa, unapata kina cha mita 0.84 kwa mwaka. Hiyo ndiyo namba ya kushika katika kisa chote hiki. Kila kilomita ya mraba ya ziwa hilo inadai mita za ujazo 840,000 za maji ya mto kila mwaka ili isikauke. Mto ukileta kilomita za ujazo 5 tu, ziwa litasinyaa hadi lifikie kilomita za mraba 6,000 hivi, ndipo litulie. Hakuna sheria wala mkutano unaoweza kuikwepa hesabu hiyo.

Wapangaji wa Moscow waliijua. Haifai kusema walishtukizwa. Ilikubalika mapema kwamba ziwa lingepungua, kwa kuwa pamba ilihesabiwa kuwa na thamani kubwa kuliko samaki, na baadhi ya wataalamu walidai kwamba sakafu ya ziwa ingejifunika gamba gumu la chumvi ambalo upepo usingeweza kulipeperusha. Gamba hilo halikutokea, na sababu yake inaelezwa hapa chini.

Maji yaliyochukuliwa katika bonde zima yalikuwa kama kilomita za ujazo 60 mwaka 1960. Kufikia 1980 yalikuwa yamefika kama 120. Hapa pana jambo la kumsimamisha msomaji: mito yote miwili, kwa wastani, hubeba kama 110 hadi 116 tu kwa mwaka. Inawezekanaje kuchukua 120 mahali penye 115? Inawezekana kwa kuyachukua maji yaleyale zaidi ya mara moja. Maji yanamwagwa shambani, sehemu yake inavuja na kurudi mtoni kupitia mitaro, kisha wilaya iliyo chini inayachukua tena. Kwenye madaftari yanahesabiwa kama maji mengine. Ni yaleyale, ila sasa yana chumvi zaidi, mbolea zaidi na sumu zaidi.

Uso wa ziwa ulishuka kwa takriban sentimita 20 kwa mwaka katika miaka ya 1960, sentimita 50 hadi 60 katika miaka ya 1970, na 80 hadi 90 katika miaka ya 1980. Linganisha kiwango hicho cha mwisho na ile namba ya mita 0.84. Ziwa linaloshuka sentimita 84 kwa mwaka ni ziwa lisilopata kitu kutoka mtoni. Na ndivyo ilivyokuwa: katika miaka kadhaa ya kipindi hicho mito ilikauka kabla ya kufika.

Mfereji wa udongo

Mfereji mkubwa kuliko yote ni ule wa Karakum, ulioanza kuchimbwa mwaka 1954 ili kuyatoa maji ya Amu Darya na kuyapeleka magharibi kupitia jangwa la Turkmenistan. Una urefu wa zaidi ya kilomita 1,300 na huchukua zaidi ya kilomita za ujazo 10 kwa mwaka. Sehemu kubwa yake imechimbwa kwenye mchanga bila kusakafiwa.

Mfereji wa namna hiyo hupoteza maji kwa kadiri ya eneo la udongo linalolowa, yaani sakafu na kuta zake. Tuchukue mfano wa kukokotoa. Mfereji ambao sakafu na kuta zake zilizolowa zina upana wa jumla wa mita 30, ukipita kwenye mchanga unaonyonya sentimita 30 za maji kwa siku, unapoteza mita za ujazo 9 kwa siku katika kila mita ya urefu. Katika kilomita 100 hizo ni mita za ujazo 900,000 kwa siku, karibu theluthi ya kilomita ya ujazo kwa mwaka. Maji hayo yangetosha kuweka hai kilomita za mraba 390 za ziwa. Na bado hayajafika shambani, ambako mifereji midogo ya udongo inavuja vilevile na matuta marefu yanalowa kupita kiasi upande wa juu huku upande wa chini ukibaki na kiu. Bandu bandu huisha gogo: katika skimu nyingi za bonde hilo karibu nusu ya maji yaliyotolewa mtoni hayakufika kwenye mizizi ya mmea.

Ujuzi wa kufanya vizuri zaidi ulikuwepo wakati uleule. Katika nyika inayoitwa Nyika ya Njaa, mashamba mapya yaliyofunguliwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 yalijengewa mifereji iliyosakafiwa kwa zege na mitaro ya mabomba chini ya udongo. Kwingineko malengo ya kila mwaka yalihesabu hekta zilizofunguliwa na tani za pamba zilizovunwa. Mtaro haukuwa na tani za kuonyesha, kwa hiyo ulisubiri.

Lakini kuvuja peke yake si upotevu daima. Maji yakivuja kwenye udongo safi na kurudi mtoni yakiwa bado matamu, yamechelewa tu, na mkulima wa chini atayatumia. Wanaopima umwagiliaji wanapaswa kutenganisha mambo matatu: maji yanayorudi mtoni, maji yanayokwenda mahali yasikoweza kurudi, na maji yanayorudi yakiwa yameharibika. Katika bonde la Aral kundi la kwanza lilikuwa dogo. Kundi la pili lilijaza mabonde ya jangwani. Kundi la tatu ndilo lililoharibu kila kitu kilichokuwa chini yake.

Mzunguko wa chumvi

Maji ya mto yana chumvi hata yanapoonekana safi na hata yanaponyweka. Kilimo cha pamba katika bonde hilo hutumia takriban mita za ujazo 8,000 hadi 14,000 kwa hekta kwa msimu. Chukua 10,000. Ikiwa kila lita ina gramu moja ya chumvi, kila hekta inapokea tani 10 za chumvi kwa mwaka, sawa na kilo moja kwa kila mita ya mraba. Mmea hunywa maji na kuiacha karibu chumvi yote. Jua nalo huvukiza maji na kuiacha yote. Kwa hiyo chumvi hiyo inabaki kwenye udongo mpaka maji mengine yaishushe chini ya mizizi na mtaro uitoe nje ya shamba.

Kiasi cha maji ya ziada kinachohitajika kinaweza kukadiriwa. Chukua chumvi ya maji ya kumwagilia, ipimwe kwa desisimenzi kwa mita, kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme, ambacho hupanda kadiri chumvi inavyozidi. Chukua pia kiwango cha chumvi ya udongo ambacho zao huvumilia kabla mavuno hayajaanza kushuka, ukizidishe kwa tano, kisha utoe chumvi ya maji. Gawanya ya kwanza kwa hiyo ya pili. Pamba huvumilia 7.7, ngano 6.0, mahindi 1.7, maharage 1.0. Maji yenye gramu moja kwa lita yana takriban 1.6. Kwa pamba jibu ni kama asilimia 4 ya maji yanayomwagwa. Kwa mahindi ni asilimia 23. Kwa maji yenye nusu ya chumvi hiyo, mahindi yangehitaji asilimia 10 tu.

Namba hizo zinaeleza jambo ambalo mara nyingi huhusishwa na siasa peke yake. Kadiri mto ulivyozidi kuwa na chumvi, mazao ya chakula na bustani ndiyo yaliyoshindwa kwanza, na pamba ikabaki. Hata mkulima au wilaya iliyotaka kuachana na pamba ilikuta udongo hauruhusu tena mazao mengi mengine. Na hata pamba, inayovumilia ikiwa imekua, ni dhaifu inapochipua. Shamba lenye chumvi juu hupandwa mara mbili au tatu ndipo lisimame.

Sasa linganisha na kinachofanyika kweli Khorezm na Karakalpakstan, maeneo ya Uzbekistan karibu na delta ya Amu Darya. Kila mwishoni mwa majira ya baridi, mashamba hugawanywa kwa vituta vidogo, hujazwa maji, huachwa yazame, hujazwa tena, mara mbili hadi tatu. Shughuli hiyo ya kuosha udongo hutumia mita za ujazo 2,000 hadi 5,000 kwa hekta kabla mbegu haijagusa ardhi. Kwa hesabu ya hapo juu, pamba ingehitaji sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Tofauti hiyo inatoka wapi?

Inatoka chini. Maji yaliyovuja kwa miaka kutoka kwenye mifereji na mashamba yalikosa pa kwenda, yakajaa ardhini, mpaka uso wa maji ya chini ya ardhi ukafika mita moja hadi mbili tu kutoka juu. Katika udongo wa tifutifu laini, maji yaliyo katika kina hicho hupanda yenyewe kupitia vitundu vidogo vya udongo kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Yakifika juu, jua huyachukua na kuacha unga mweupe. Chumvi iliyooshwa Machi inarudi Julai. Na kwa kuwa maji ya kuoshea yalimwagwa mahali ambapo mtaro umejaa tope na matete, nayo yakaenda kuinua maji ya chini zaidi. Mwaka unaofuata shamba linahitaji kuoshwa zaidi.

Kuna ubaya mwingine wa wakati. Mito hii hupata maji yake kwenye theluji na barafu ya milima ya Pamir na Tian Shan, kwa hiyo hujaa wakati wa kiangazi na kupungua wakati wa baridi. Februari na Machi mto unakuwa mdogo na sehemu kubwa ya kilichomo ni maji ya mitaro. Maji yanayotumika kuosha chumvi ndiyo yenye chumvi nyingi kuliko ya miezi mingine.

Maji ya mitaro yakitoka shambani yanaweza kuwa na gramu 3 hadi 5 za chumvi kwa lita au zaidi. Takriban nusu ya maji hayo katika bonde lote hurudishwa mtoni. Kila wilaya inachukua maji yaliyotoka wilaya ya juu na kuongeza chumvi yake. Ndivyo mto unaotoka milimani ukiwa na chini ya nusu gramu kwa lita unavyofika karibu na delta ukiwa na zaidi ya gramu moja. Mengine hupelekwa kwenye mabonde ya jangwani. Bonde la Sarygamysh, mpakani mwa Uzbekistan na Turkmenistan, lilijazwa na maji ya mitaro ya upande wa kushoto wa Amu Darya mpaka likawa ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 3,000. Ziwa la chumvi liliumbwa wakati ziwa la samaki linakufa umbali wa kilomita mia chache.

Kilichowafikia watu

Samaki waliathirika kwa njia mbili. Mazalia yalikuwa kwenye maji ya kina kifupi karibu na mito, na hayo ndiyo yaliyokauka kwanza. Kisha chumvi ikapanda hadi mayai ya samaki wa maji baridi yasiweze kuangua. Mwishoni mwa miaka ya 1950 uvuvi ulitoa zaidi ya tani 40,000 kwa mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uvuvi wa biashara ulikuwa umekwisha. Kiwanda cha samaki cha Moynaq, mji uliokuwa bandari ya ziwa hilo, kiliendelea kwa muda kusindika samaki waliogandishwa walioletwa kutoka bahari za mbali, ili wafanyakazi wasipoteze kazi.

Hesabu ya chumvi ya ziwa ni rahisi. Kilomita za ujazo 1,080 zenye gramu 10 kwa lita zina chumvi karibu tani bilioni 11. Maji yakipungua mara kumi chumvi haipungui, kwa hiyo maji yaliyobaki huelekea gramu 100 kwa lita, na Aral ya Kusini, sehemu kubwa iliyobaki baada ya ziwa kugawanyika, ilifika hapo na kupita. Sehemu nyingine ya chumvi iliganda na kubaki kwenye sakafu iliyokauka.

Hapa ndipo lile gamba lilipowadanganya waliolitegemea. Chumvi ya Aral ina salfeti nyingi kuliko ya bahari kuu. Salfeti ya sodiamu ikiganda kwenye baridi huwa fuwele zilizobeba maji ndani yake. Joto likija fuwele hizo hupoteza maji na kusagika kuwa unga mwepesi. Badala ya gamba gumu likatokea vumbi lililolegea, na upepo ukalibeba. Wanaanga waliziona dhoruba hizo kutoka angani mwaka 1975. Vumbi hilo lilibeba pia mabaki ya viuatilifu yaliyokuwa yameshuka na mito kwa miongo: DDT, HCH, na dawa za kupukutisha majani ya pamba zilizonyunyizwa kwa ndege ili mashine ziweze kuvuna. Sehemu iliyokauka sasa inaitwa Aralkum, jangwa lililozaliwa ndani ya umri wa mtu mmoja.

Katika Karakalpakstan maji ya kunywa ya vijijini mara nyingi hutoka kwenye visima vifupi vilivyo kwenye maji yaleyale ya chini ya ardhi yaliyoinuliwa na umwagiliaji. Sampuli nyingi zimepita gramu moja ya chumvi kwa lita, nyingine zimepita tatu. Kuchemsha hakusaidii: huua vijidudu lakini chumvi inazidi kwa kuwa maji yanapungua. Upungufu wa damu kwa wajawazito, magonjwa ya figo, ya njia ya hewa na kifua kikuu vimekuwa mzigo mkubwa huko. Si sahihi kulibebesha ziwa magonjwa yote hayo. Umaskini, chakula duni na huduma hafifu vina sehemu yao. Ila vyote vilikaa juu ya maji mabaya.

Hatua moja ya kupunguza madhara inastahili kuelezwa kwa kuwa haikuhitaji mitambo ya kuchuja chumvi. Bwawa la Tuyamuyun kwenye Amu Darya lina sehemu kadhaa zinazoweza kutengwa. Sehemu inayoitwa Kaparas hujazwa wakati wa mafuriko ya kiangazi, mto ukiwa na chumvi kidogo zaidi, kisha hufungwa. Maji hayo hutumika kwa kunywa miezi ambayo mto umeharibika, yakipelekwa kwa mabomba hadi Nukus na miji mingine. Udhaifu wake uko mwisho wa bomba: kijiji kilicho mbali au kisicho na presha hurudi kisimani.

Kwa nini kaskazini kulipona

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ziwa liligawanyika. Syr Darya ikabaki na sehemu ndogo ya kaskazini, Amu Darya ikabaki na sehemu kubwa ya kusini. Kati yao palikuwa na mkondo ambao maji ya kaskazini yalipita kwenda kupotea kwenye tambarare pana ya kusini. Mwaka 1992 mamlaka za pale zilijenga tuta la mchanga kuuziba. Lilionyesha haraka kwamba wazo ni sahihi, lakini lilibomoka mara kadhaa, na Aprili 1999 lilisombwa kabisa na watu wakafa. Kasoro yake ilikuwa wazi: mchanga mtupu, bila kinga dhidi ya mawimbi na bila milango ya kupitishia maji ya ziada. Maji yalipopanda yalikosa njia nyingine isipokuwa juu na ndani ya tuta lenyewe.

Bwawa la kudumu la Kokaral, lenye urefu wa kilomita 13 hivi na milango ya zege, lilikamilika Agosti 2005 kwa ufadhili wa Kazakhstan na mkopo wa Benki ya Dunia. Uso wa maji, uliokuwa chini ya mita 40, ulifika mita 42 katika majira ya kuchipua ya 2006, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Rudi kwenye namba yetu: eneo la kilomita za mraba 3,300 mara mita 0.84 ni kilomita za ujazo 2.8 kwa mwaka. Syr Darya iliweza kuleta hizo na zaidi, hasa baada ya kingo na mabanio yake kukarabatiwa chini ya mradi huohuo.

Hiyo *zaidi* ndiyo iliyotenda kazi kubwa. Maji yanayozidi hupita kwenye milango kwenda kusini yakiwa yamebeba chumvi. Ziwa lililokuwa halina njia ya kutokea likapata moja, na chumvi yake ikashuka kutoka karibu gramu 30 kwa lita kurudi karibu na kiwango cha 1960. Samaki wa maji baridi walishuka wenyewe kutoka mtoni na kuzaliana. Uvuvi ulipanda kutoka chini ya tani 2,000 mwaka 2006 hadi zaidi ya tani 7,000 mwaka 2016. Bwawa lenye kimo kile kile bila milango lingehifadhi maji lakini lingeyaacha yazidi kuwa na chumvi mwaka baada ya mwaka.

Kusini hesabu inakataa. Kurudisha ziwa lote kunahitaji zile kilomita za ujazo 56 kila mwaka, karibu nusu ya mito yote miwili, na miongo ya kujaza juu yake. Hakuna nchi ya bonde hilo inayoweza kuzitoa bila kufunga mashamba ya mamilioni ya watu. Kinachowezekana huko ni kutunza maziwa madogo ya delta na kutuliza vumbi. Uzbekistan imepanda saksauli, mti wa jangwani unaovumilia chumvi, kwenye zaidi ya hekta milioni moja za sakafu iliyokauka. Hushika vizuri kwenye mchanga. Kwenye mfinyanzi wenye chumvi nyingi miche mingi hufa, isipokuwa kwanza ichimbwe mifereji ya kunasa mchanga unaopeperushwa, na miche ipandwe ndani ya mchanga huo.

Mashambani, mpangilio wa kazi ndio unaoamua

Baada ya 1991 mipaka ya jamhuri ikawa mipaka ya nchi, na ugomvi ukahamia kwenye majira. Kirgizistan, iliyo juu, ina bwawa la Toktogul lenye ujazo wa kilomita za ujazo 19.5. Haina gesi ya kutosha, kwa hiyo huachia maji wakati wa baridi ili kuzalisha umeme, wakati mashamba ya chini yanayahitaji kiangazi. Makubaliano ya Almaty ya Februari 1992 yaligawa maji kwa kiasi na kuacha ugawaji wa zamani ukiendelea. Ubora wa maji yanayorudi mtoni haukupewa uzito kama huo, na hilo kwa maoni yetu ni pengo kubwa kuliko ugomvi wa kiasi.

Hatua za shambani zinajulikana: kusakafia mifereji, kusawazisha ardhi kwa leza ili maji yaenee bila kutuama, kufupisha matuta, kumwagilia tuta moja na kuruka moja, na umwagiliaji wa matone. Kinachokosewa ni mpangilio. Matone yakifungwa kwenye shamba ambalo maji ya chini yako mita moja, chumvi hukusanyika ukingoni mwa kila duara lililolowa, na mvua ya kwanza huirudisha kwenye mizizi. Mitaro husafishwa kwanza, mpaka wakati wa kupanda maji ya chini yawe zaidi ya mita mbili. Kisha mfereji unaovuja husakafiwa, ukianza na sehemu za mchanga. Matone huja baadaye, na hata hapo shamba linabaki na kuoshwa kidogo kila mwaka au kila baada ya mwaka.

Kosa la pili ni kuyatumia maji yaliyookolewa kufungua hekta mpya. Hekta hizo huvukiza maji ambayo zamani angalau yalirudi mtoni, na mto unapungua huku kila skimu ikiripoti ufanisi. Akiba isiyoandikiwa mahali itakapokwenda kabla ya kazi kuanza itamezwa.

Namna ya kulipima hili sasa hivi ipo kaskazini mwa Afghanistan. Mfereji wa Qosh Tepa ulianza kuchimbwa mwaka 2022 kutoka Amu Darya, urefu wa kilomita 285, upana wa takriban mita 100, lengo likiwa kumwagilia hekta 550,000. Makadirio yanasema unaweza kuchukua hadi kilomita za ujazo 10 kwa mwaka. Afghanistan ina haki ya maji ya mto unaopita kwake, na haikuwa mezani Almaty mwaka 1992. Ila mfereji umechimbwa kwenye udongo na mchanga bila kusakafiwa. Ukitumia kile kiwango cha mfano cha sentimita 30 kwa siku, kilomita 285 zenye upana huo zingevujisha takriban kilomita za ujazo 3 kwa mwaka, zaidi ya mahitaji yote ya Aral ya Kaskazini. Tope la mto litaziba sehemu ya vitundu na kupunguza kiasi hicho, kwa kadiri gani itajulikana kwa kupima. Vipimo vinavyohitajika ni vichache na vya bei ndogo ukilinganisha na kuchimba: mtiririko kila baada ya kilomita 20 hadi 30 ili kujua kinachovuja wapi, visima vya kuangalia kina cha maji ya chini pande zote mbili kabla ya shamba la kwanza kulimwa, na chumvi ya kila mtaro mahali unapomwaga. Na ramani ya mitaro inapaswa kuonyesha, kabla hekta ya kwanza haijalowa, maji yake ya chumvi yatamwagwa wapi.